Kulinda Kazi au Kulinda Kipato? Sera ya Ajira Uchumi Unapoyumba

Mwaka 2025 uliwaletea wafanyakazi wa Dar es Salaam habari mbili zinazovutana. Januari, Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi ya afya na maendeleo iliyotegemea fedha hizo ikakwama ghafla. Watumishi wengi wakabaki bila mkataba, wakiwemo wa ofisi za Mikocheni na Msasani wilayani Kinondoni. Oktoba, Serikali ya Tanzania ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2026 wastani wa kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi utapanda kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322.

Habari hii ya pili ni rahisi kuielewa vibaya. Kiasi kilichotajwa ni wastani wa sekta zote. Amri ya mishahara hupanga kima cha kila sekta peke yake, kwa hiyo mfanyakazi wa nyumbani, wa kiwandani na wa benki hawako kwenye kiwango kimoja. Habari ya kwanza nayo ilirudisha maswali ya siku zote: aliyeachishwa anamdai nini mwajiri, anadai nini Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na je, anaweza kuchukua michango yake yote?

Nyuma ya maswali hayo kuna jingine kubwa zaidi. Uchumi unapoyumba, sera ilinde nini: ajira yenyewe, mtu aliyeipoteza, au soko analokimbilia? Na uchumi ukinyanyuka, nani aonje nafuu kwanza? Wapo wanaojibu kwa misimamo minne tofauti. Uchambuzi huu unaipima misimamo hiyo kwa hali halisi ya Kinondoni na Temeke, wilaya ambazo mtu wa ofisini, wa kiwandani na wa kijiweni wanaishi mtaa mmoja. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3 Temeke na karibu milioni moja Kinondoni.

Tulikotoka

Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977 na vita vya Kagera vya 1978–79 viliiacha Tanzania bila fedha za kigeni. Viwanda vilikosa malighafi na vipuri, na thamani ya mshahara ikashuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Kila mwenye nguvu alitakiwa awe na kazi inayotambulika, na asiyekuwa nayo aondoke mjini akalime. Wachuuzi na wasio na vitambulisho walikamatwa Dar es Salaam na kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi baada ya muda mfupi, kwa sababu iliyokuwa wazi. Kupika chakula cha kuuza, kushona, kufuga na kuchuuza ndiko kulikokuwa kunalisha hata familia za wenye ajira, maana mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Sera ilipiga vita kipato kilichokuwa kimeuokoa mji.

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kuhusu marekebisho ya uchumi. Miaka ya tisini mashirika ya umma yakabinafsishwa chini ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Sheria tunayoitumia leo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ilizaliwa katika mazingira hayo. Inampa mwajiri njia ya kupunguza wafanyakazi, na inamwekea masharti ya kufuata.

Mtikisiko uliofuata ulikuwa wa UVIKO-19. Tanzania haikufunga shughuli za kila siku, lakini watalii walipungua kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi karibu 620,000 mwaka 2020. Takwimu rasmi zilionyesha ukuaji wa uchumi kushuka kutoka karibu asilimia 7 hadi 4.8, na Benki ya Dunia ikaukadiria kuwa asilimia 2.0. Hata hivyo, Utafiti wa Nguvu Kazi wa 2020/21 ulionyesha kiwango cha ukosefu wa ajira nchini kikiwa asilimia 9.0, chini ya kile cha 10.3 cha mwaka 2014. Imekuwaje uchumi upungue kasi na wasio na kazi nao wapungue?

Mtikisiko unavyoingia mtaani

Jibu linaanzia kwenye kipimo. Kwa ufafanuzi wa kimataifa, aliyefanya kazi ya kujipatia kipato japo saa moja ndani ya wiki ya utafiti anahesabiwa kuwa na kazi. Katika nchi ambayo wengi hawana bima ya kukosa ajira, kukaa bila kufanya lolote ni anasa ambayo maskini hawezi kuimudu. Aliyepoteza kazi kiwandani Chang'ombe wiki hii, wiki ijayo yuko Tandika anauza mitumba. Kwa mtafiti ana kazi. Kwa familia yake, kipato kimekatika nusu.

Kwa hiyo mji huu hautikisiki kama Ulaya, ambako mdororo huonekana kwa foleni ya wanaodai posho. Hapa huonekana kwa siku kuwa ndefu na mapato kuwa madogo. Kiwanda kikipunguza zamu, mama lishe wa getini anapungukiwa wateja mchana uleule. Vibarua wanaopakia na kupakua mizigo kwenye maghala ya Kurasini hawapewi barua yoyote. Asubuhi hawaitwi tu. Deiwaka, yaani kibarua wa siku, wa daladala anazidi kukosa zamu. Dereva wa bodaboda aliyekodi pikipiki anadaiwa hesabu ileile kila jioni hata kama abiria wamepungua, yaani hasara yote iko kwake na mwenye chombo hajaguswa. Akikosa hesabu, hukimbilia mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na deni humfuata hata baada ya uchumi kunyanyuka.

Juu ya hao waliokuwepo, huongezeka waliopunguzwa kazini. Aliyelipwa kiinua mgongo chake Kinondoni hununua pikipiki au hufungua genge. Vijiwe vinajaa, abiria ni walewale, na kila mmoja anapata kidogo zaidi. Hili ndilo la kushika tunapopima sera yoyote: katika mitaa hii mdororo hupunguza kipato cha watu wengi kabla haujafuta ajira za wachache, na sera inayotazama ajira peke yake humfikia mwathirika ikiwa imechelewa au haimfikii kabisa.

Msimamo wa kwanza: Zilindwe ajira zilizopo

Vyama vya wafanyakazi chini ya shirikisho lao, TUCTA, huegemea upande huu, na sheria inawapa nguvu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aweke wazi sababu, na ashauriane nao kuhusu njia za kuepuka hatua hiyo, vigezo vya kuchagua watakaoondoka na malipo yao. Wasipoafikiana, shauri huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua siku 28.

Ubora wa njia hii ni kwamba ajira ina thamani kuliko mshahara wake. Fundi mitambo aliyekaa miaka minane Mbagala anaijua mashine yake. Akitawanyika, kiwanda kitakapofufuka kitaanza upya kufundisha. Ujerumani hutumia utaratibu wa kupunguza saa za kazi huku serikali ikifidia sehemu ya mshahara uliopotea, na Uingereza mwaka 2020 ililipa hadi asilimia 80 ya mishahara ya waliosimamishwa kwa muda. Waajiri wa hapa, kupitia chama chao cha ATE, wanataka nafuu ya namna nyingine, yaani kupunguziwa tozo za ajira. Kodi ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, imeshushwa hatua kwa hatua kutoka asilimia 6 hadi 3.5 kufikia 2023, na wenye wafanyakazi chini ya kumi wamesamehewa.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Wa kwanza ni fedha. Mapato ya kodi ya Tanzania ni takriban asilimia 12 hadi 13 ya pato la taifa, na hazina ya namna hiyo haiwezi kulipa mishahara ya viwandani kwa miezi kadhaa. Wa pili ni hatari ya kulinda kisichoweza kusimama. Miaka ya themanini mashirika mengi ya umma yalibakiza wafanyakazi kwa mikopo ya Benki ya Taifa ya Biashara isiyolipika. Ajira zilikuwepo kwenye vitabu, mshahara haukutosha, na mwisho wa yote mzigo uliwaangukia wafanyakazi haohao miaka ya tisini. Zaidi ya hapo, kibarua asiye na mkataba wa maandishi hupata shida kubwa kuthibitisha hata kwamba aliajiriwa, sembuse kudai mashauriano ya kifungu cha 38.

Msimamo wa pili: Alindwe aliyepoteza kazi

Wenye msimamo huu wanasema kampuni zife zinapokufa, lakini mtu asife nazo. Tanzania imeanza safari hiyo. Sheria za hifadhi ya jamii za 2018 zilileta fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa mshahara wa Sh 300,000 aliyedumu miaka mitano. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Anastahili siku 35, ambazo kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni kama Sh 404,000. Fao litampa karibu Sh 100,000 kwa mwezi, jumla Sh 600,000. Yote pamoja ni Sh milioni moja na kidogo. Inatosha kumvusha mtu kodi ya chumba na unga kwa miezi michache huku akitafuta kazi. Ni msaada wa kweli, na haupaswi kudharauliwa.

Ugomvi uko kwenye michango iliyobaki. Mwaka 2012 mabadiliko ya sheria yaliyozuia fao la kujitoa kabla ya umri wa kustaafu yalipingwa vikali, hasa na wafanyakazi wa migodini, na Serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2018 mjadala wa kikokotoo cha pensheni ulikuwa mkali kiasi kwamba Rais John Magufuli aliusitisha utaratibu mpya mwezi Desemba. Pande zote mbili zina hoja. Mfuko ukimruhusu kila anayeachishwa achukue chote, uzee wake utakuwa wa kuombaomba. Lakini mtu anayefanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, asiye na hakika kama ataajiriwa tena, anaona miaka 55 kama mbali mno, na watoto wanataka kula leo. Kumlazimisha atumie akiba moja kwa majanga mawili, kukosa kazi na kuzeeka, ndiyo kasoro yenyewe. Afrika Kusini ina mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira unaojitegemea, na mwaka 2020 ndio uliotumika kulipa mamilioni ya wafanyakazi ambao kazi zao zilisimama.

Kasoro nyingine ni upana. Fao linamgusa aliyesajiliwa na ambaye mwajiri wake alipeleka michango kweli. NSSF imefungua mlango kwa wanaojiajiri, lakini mchango ni wa hiari, na mwezi mbaya ndio huohuo ambao dereva wa bajaji hawezi kuchangia.

Msimamo wa tatu: Serikali itengeneze kazi za muda

Kenya ilijaribu njia hii kwa kasi. Aprili 2020 ilianzisha Kazi Mtaani katika mitaa kama Kibra na Mathare. Vijana walizibua mitaro na kusafisha barabara kwa malipo ya siku, na awamu ya pili ililenga zaidi ya vijana 270,000 kwa Sh 455 za Kenya. Tanzania inao mfano wake ndani ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ambamo kaya maskini hupewa ajira za muda kwa kujenga miundombinu ya jamii. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa IMF wa takriban Sh trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Mafundi, wauza mchanga na wenye malori wa maeneo husika walipata kazi.

Faida ya njia hii ni kwamba haihitaji mkataba wala rejista ya michango. Ujira ukiwekwa chini kidogo ya ule wa soko, wanaojitokeza ni wenye shida ya kweli, na soko likiamka wanaondoka wenyewe. Kazi za kufanya hazikosekani. Mvua za masika huijaza Mbagala na Tandale maji kila mwaka, na ujenzi wa mifereji uliofanywa na mradi wa uendelezaji wa jiji la Dar es Salaam (DMDP) katika wilaya hizi umeonyesha ukubwa wa mahitaji.

Hatari zake ni tatu. Orodha ya majina hutengenezwa mtaani, na bila uwazi majina ya jamaa za viongozi hutangulia. Malipo yakichelewa, maana yote ya haraka inapotea. Na mama mwenye mtoto mchanga au mtu mwenye ulemavu hawezi kushika sururu, kwa hiyo kazi hizi lazima ziende sambamba na ruzuku ya fedha kwa wasioweza.

Msimamo wa nne: Watu waachiwe wajiajiri

Huu ndio msimamo uliotawala kwa vitendo. Desemba 2018 vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilianza kugawiwa kwa Sh 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka, ili wafanye biashara bila kusumbuliwa. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Nguvu yake ni wepesi. Hakuna ofisi inayoweza kumpa mtu kazi kwa kasi ambayo meza ya nyanya inampa. Tukilinganisha na 1983, ni hatua kubwa ya kumheshimu mtu anayejitafutia.

Lakini ina mwisho wake. Mkopo kwa muuza chipsi wa kumi na moja katika mtaa wenye wateja wa watano hauongezi kipato cha mtaa. Unagawa umaskini kwa watu wengi zaidi na kuwaongezea deni. Tatizo la mdororo ni upungufu wa wanunuzi, na mtaji hauleti wanunuzi. Mikopo ya halmashauri yenyewe ilisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi na urejeshaji, ikaanza tena baada ya utaratibu kubadilishwa. Kujiajiri ni njia nzuri ya kukua uchumi unapopanda. Wakati wa kushuka ni mahali pa kujificha tu, na sera isihesabu waliojificha kuwa wamefanikiwa.

Uchumi unaponyanyuka

Makosa ya wakati wa nafuu huzungumzwa kidogo, ingawa yanauma vilevile. Miaka ya karibuni inatoa mafunzo mawili na onyo moja.

Julai 2021, familia zikiwa bado hazijapumua, tozo ya miamala ya simu ilianza. Malalamiko yalisababisha ipunguzwe kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo. Oktoba 2021 wamachinga wakaondolewa kwenye barabara na maeneo yasiyoruhusiwa jijini. Hoja ya kupanga mji ina uzito: waenda kwa miguu wanahitaji njia, na wenye maduka wanaolipa kodi wanastahili haki. Lakini kumhamisha mchuuzi kwenda asikopita mteja, katika mwaka ambao kipato chake kilikuwa chini kuliko kawaida, kulimtoza yeye gharama ya mpango ambao faida yake ni ya wote. Somo la kwanza ni kwamba hatua sahihi ikichukuliwa wakati usiofaa huumiza kama hatua potofu.

Somo la pili linatia moyo. Bei ya mafuta ilipopaa, Serikali ilitoa ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022. Haikuwa sera ya ajira kwa jina, lakini iliwagusa dereva wa bodaboda, wa daladala na abiria wao. Doa lake ni kwamba mwenye gari kubwa naye alinufaika kwa kila lita.

Onyo linahusu mshahara. Kima cha chini cha sekta binafsi cha 2013 kilikaa hadi mwisho wa 2022. Katika biashara na viwanda kilitoka Sh 115,000 hadi Sh 150,000 tu, baada ya karibu miaka kumi ya bei kupanda. Kisha ikaja nyongeza ya 2026, ya wastani wa takriban asilimia 30. Mfanyakazi alidhulumiwa katika miaka mirefu ya kusubiri, na mwajiri mdogo wa Keko au Tegeta anashtushwa na ongezeko la mkupuo, ambalo linaweza kumsukuma awape watu kazi za kibarua badala ya mikataba. Nyongeza ndogo inayofuata mfumuko wa bei kila baada ya mwaka au miwili ingewatendea haki wote wawili.

Kupima mizani

Misimamo hii mara nyingi hutetewa kama vile ukichagua mmoja umekataa mingine. Kwa kweli kila mmoja una wakati wake na watu wake. Kulinda ajira kunafaa kwa mtikisiko mfupi na kampuni yenye afya, na nafuu ya kodi itolewe kwa sharti la kutopunguza watu. Fao linafaa kwa mwenye mkataba pale kampuni inapofungwa. Kazi za muda na ruzuku ya fedha zinafaa kwa kibarua na anayejiajiri mara kipato kinapoporomoka. Mikopo ya biashara ingojee wanunuzi warudi.

Tukilazimika kupanga kwa fedha chache, nafasi ya kwanza iende kwenye kazi za muda na ruzuku, kwa sababu ndizo zinazowafikia walio wengi Temeke na Kinondoni, na kwa sababu Sh 10,000 mkononi mwa kibarua hutumika siku hiyohiyo kwa mama lishe, gengeni na kwa fundi cherehani. Kufanya hivyo kunamaanisha kuahirisha baadhi ya matumizi makubwa, na wanasiasa waseme hivyo bila kuficha.

Ila hakuna lolote kati ya haya linaloweza kubuniwa dhoruba ikiwa imeshafika. Orodha za wakazi katika serikali za mitaa zihakikiwe sasa. Michoro ya mifereji na barabara ndogo iwe tayari. Fao la kukosa ajira litenganishwe na akiba ya uzeeni. Mwajiri anayekata michango asiipeleke afuatiliwe wakati biashara yake ni nzuri, maana ikifilisika hakuna cha kudai.

Kwa muhtasari

Historia ya Dar es Salaam inaonyesha kwamba uchumi ukiyumba watu hawaachi kufanya kazi. Wanafanya zaidi na kupata kidogo. Sheria ya 1983 haikuliona hilo, na takwimu za ukosefu wa ajira bado hulificha. Kulinda ajira kunahifadhi ujuzi lakini kunagharimu na kunawaacha nje wasio na mikataba. Fao la kukosa ajira linampa mtu pumzi, ila ni la wachache na limefungwa pamoja na pensheni. Kazi za muda zinawafikia wengi, zikisimamiwa kwa uwazi na kulipwa kwa wakati. Kujiajiri kunaokoa siku lakini hakuongezi wanunuzi. Uchumi unaponyanyuka, mshahara upande kwa hatua ndogo za mara kwa mara, na tozo mpya pamoja na kuhamisha wafanyabiashara visubiri kipato kirudi. Kipimo cha sera nzuri ya ajira kiwe kipato cha kaya, kuanzia kwa asiye na mkataba, kwa kuwa yeye ndiye anayeumia wa kwanza na ndiye anayepona wa mwisho.